Pongezi kwa Wapimaji wa Njiro

Njiro, Arusha, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ina maabara ambayo wagonjwa wa saratani hawafiki. Hapo vifaa vya kupimia mionzi hulinganishwa na kipimo cha rejea, na beji za wahudumu wa mionzi husomwa kujua wamepata dozi kiasi gani.

Kazi hii inagharimu fedha na haitibu mtu siku hiyo, ndiyo maana bajeti ikibana hukatwa mapema. Mimi naona ni hesabu mbaya. Mashine ya tiba ya mionzi hukaguliwa kwa vifaa kama hivyo, na ikikosea haitoi moshi wala kelele: dozi ikipungua uvimbe unabaki, ikizidi nyama nzima inaungua, na madhara huonekana baada ya miezi au miaka.

Kuna ukaguzi wa bei nafuu pia. Tangu 1969 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na Shirika la Afya Duniani hutuma kwa posta vifaa vidogo vya kupimia dozi. Hospitali huvipiga mionzi na kuvirudisha. Tofauti kati ya dozi iliyotajwa na hospitali na iliyopimwa ikipita asilimia 5, chanzo hutafutwa.

Wapimaji wa Njiro, hongereni sana. Mgonjwa hatawajua kwa majina, lakini usalama wake unaanzia kwenye namba sahihi kama zenu.