Ramani Nzuri na Ramani ya Kweli

Karne ya 17, Willem Blaeu wa Amsterdam alichapisha ramani ya Afrika ambayo nakala zake ndogo bado hutundikwa ukutani kama pambo. Ilichongwa kwenye bamba la shaba, nakala nyingi zikatiwa rangi kwa mkono. Pembeni wamesimama watu na mavazi yao. Juu kuna picha za miji, Cairo na Msumbiji ikiwamo. Baharini merikebu zimetanda matanga.

Uzuri wake haupingwi. Lakini tusome alama zake. Pwani ni ya mabaharia, nao walifika. Bara kuna maziwa ya kukisia, na mapengo yamezibwa kwa tembo na simba. Msukuma akitafuta kwao humo hapaoni. Mchongaji hakukosea kwa kutojua. Alikosea kwa kukipamba asichokijua hadi mtazamaji asione pengo.

Sasa tazameni ramani ya wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, iliyotangazwa miaka ya 1855 na 1856. Haina pambo la kusifiwa. Katikati kuna ziwa moja kubwa mno, limejikunja kama konokono asiye na gamba. Nyanza, Tanganyika na Nyasa yameunganishwa kuwa moja. Ni kosa kubwa. Hata hivyo waliichora kwa kuwauliza watu wa misafara waliotoka bara, nao wakayaamini maneno yao. Ndiyo iliyochochea safari ya Burton na Speke, na Agosti 1858 Speke akaliona Nyanza karibu na Mwanza. Kosa la mtu anayesikiliza hurekebishika.

Kwa hiyo mimi naipa heshima ile isiyopendeza.

Ndugu zangu, jambo hili si la makumbusho tu. Geita na Kahama leo tuna ramani za leseni za uchimbaji, zenye mistari iliyonyooka. Zinaonyesha mwamba, shamba la mjane na makaburi ya wazee huenda zisionyeshe. Na daftari la jumuiya yetu je? Kijana aliyehamia juzi kufuata duara, jina lake limo? Au tumeijaza nafasi yake kwa picha ya “watu wa machimbo,” kama tembo wa Blaeu?

Mchungaji Mwema huwaita kondoo wake kwa majina. Anayetaka kumfuata aanze kwa kuuliza jina.