Jina la Kanga na Msomaji Wake

Katika fasihi yetu ni vigumu kutaja utungo mfupi unaosomwa na watu wengi kama jina la kanga. Kitabu hufunguliwa na anayekitaka. Kanga hupita njiani ikasomwa hata na asiyeitaka. Hata hivyo, wahakiki wengi huyaweka maneno yake katika fungu la methali, wakaishia hapo.

Kuna tofauti kubwa. Anayetamka methali mbele za watu hawezi kuikana. Mvaa kanga anaweza. Tangu desturi ya kutia maneno juu ya pindo la chini ilipoenea mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa hati za Kiarabu na baadaye za Kirumi, mtunzi amekuwa mwingine, mchapaji mwingine, na mvaaji mwingine. Yeye husema tu kwamba alinunua doti ile kwa kupenda rangi zake.

Lugha yenyewe humsaidia. "Mtaka yote hukosa yote": mtaka huyo ni nani? Kiambishi chake hakitaji mume wala mke, jirani wala wifi. Kila apitaye hujipima mwenyewe.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, mwanachuo mmoja alileta mashitaka kwamba mwenzake wa bwenini amemtukana kwa kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu". Alitaka ahamishwe bweni. Mshitakiwa alijibu kuwa kanga ile alipewa na shangazi yake kabla wao wawili hawajajuana. Ulikuwa utetezi mzuri. Mlalamikaji akasema: "Mwalimu, anayo tangu muhula wa kwanza. Mbona ameivaa leo, siku matokeo ya mtihani yamebandikwa?"

Sikukubali mtu ahamishwe kwa ushahidi wa nguo, na hadi leo naona ndivyo ilivyostahili. Lakini swali lile lilikuwa uhakiki hasa. Maana ya kanga haimo katika maandishi peke yake. Imo pia katika siku, mahali, na mtu aliye mbele yake.

Hivyo basi, wanaosema kwamba maneno yale ni pambo tu wanamnyima mwanamke akili ya kuteua. Nao wanaoona fumbo katika kila kanga wanamnyima haki ya kujifunga nguo akaenda kisimani kuchota maji yake. Ubora wa utungo huu ni kwamba hauthibitishi lolote kati ya hayo mawili. Unamwezesha mnyonge kusema neno zito bila kufungua kinywa, na unamwachia msomaji mzigo wa kulipokea au kulipuuza.

Kwa sababu hiyo, kabla hatujauliza mvaaji amemkusudia nani, na tujiulize kwa nini, kati ya majina yote yaliyotupita njiani siku hiyo, ni hilo moja lililotuchoma.