Hariri, Gundi na Masista wa Hollywood

Karibu kila Agosti, masomo ya kiangazi yakishakwisha na wanafunzi wa muhula mpya hawajafika, idara ya sanaa ya Chuo cha Immaculate Heart, Los Angeles, ilipata majuma mawili matatu ya nafasi. Sista Corita Kent aliyatumia yote kuchapa. Mwaka mzima alikuwa mwalimu na mtawa, mwenye vipindi vya darasani na vipindi vya sala. Sehemu kubwa ya picha zilizompa jina ilichapwa katika siku hizo chache, kwa mikono yake na ya masista na wanafunzi waliojitolea kubaki.

Kazi yenyewe huanza na fremu ya mbao. Juu yake huvutwa kitambaa cha hariri chenye matundu madogo sana, kinakazwa pande zote nne mpaka ukikigonga kwa kidole kinalia. Kikilegea, rangi hutambaa na ukingo wa picha hupoteza ukali wake, kwa hiyo mchapaji mzuri hukaza, hupapasa, kisha hukaza tena. Fremu hufungwa mezani kwa bawaba upande mmoja, ili ipande na kushuka palepale kila mara.

Kisha hufuata kuziba. Kwa njia ya zamani, mchoro huchorwa juu ya hariri kwa wino wa grisi, halafu kitambaa chote hupakwa gundi nyembamba ya maji. Gundi ikikauka, grisi huyeyushwa kwa tapentaini na kufutwa, nayo hutoka pamoja na gundi iliyokaa juu yake. Palipochorwa hubaki wazi, penginepo pote huwa pamezibwa. Herufi nyeupe ndani ya uwanja mwekundu haichapwi kabisa. Huzibwa kwa gundi mahali pake, nyekundu ipite pembeni, na weupe unaoonekana ni wa karatasi yenyewe. Kazi hii haina njia ya mkato: aliye na haraka ya kuosha kabla gundi haijashika ataharibu kitambaa kizima.

Ufundi huu Sista Corita aliupata mwaka 1951 kwa María Sodi de Ramos Martínez, mjane wa mchoraji wa Mexico, Alfredo Ramos Martínez. Corita alikuwa ameingia utawani mwaka 1936 akiwa na miaka 18, akafundisha watoto huko British Columbia, Kanada, kabla ya kurudishwa chuoni. Mwaka 1952 picha yake iitwayo "the lord is with thee" ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uchapaji ya jumba la makumbusho la Los Angeles. Imejengwa kwa rangi iliyowekwa juu ya rangi. Ukijua kwamba kila rangi ni kuziba upya, kuchapa upya, kuosha upya na kungoja ikauke, utaiheshimu hata kabla ya kuitazama sura.

Chuo hicho kilikuwa matunda ya subira ndefu kuliko hiyo. Shirika la masista waliokiendesha lilianzia Olot, Catalonia, mwaka 1848, na masista wa kwanza wakavuka hadi California mwaka 1871 kwa wito wa Askofu Thaddeus Amat. Walianza na shule. Mwaka 1916 wakafungua chuo cha wanawake juu ya kilima cha Hollywood. Idara ya sanaa iliongozwa kwa miaka mingi na Sista Magdalen Mary, mwanamke mwenye jicho kali, aliyekusanya kazi za mafundi wa kawaida kutoka nchi nyingi na kuziweka mbele ya wanafunzi kama walimu wa pili.

Tuirudie meza. Karatasi huwekwa kwenye alama zake, vipande vidogo vilivyobandikwa pembeni ili kila karatasi ikae mahali pa ile iliyotangulia. Fremu hushushwa. Wino, mzito kama uji wa ulezi, humiminwa upande mmoja. Mchapaji hushika kwa mikono miwili ubao wenye ukingo wa mpira, anauinamisha kidogo, kisha anauvuta kuelekea kifuani kwa mwendo mmoja usiosita. Akisita, mstari hubaki. Akikandamiza mno, rangi huvuja chini ya gundi. Akilegeza, hubaki mabaka. Fremu hupanda, msaidizi huchukua karatasi kwa pembe mbili na kuipeleka kukauka, mwingine ameshaleta nyingine. Ikikosea alama kwa upana wa unywele tu, rangi ya pili itaacha ufa mweupe kando ya rangi ya kwanza. Ndivyo wanavyofanya hata leo wachapaji wa fulana wa Kariakoo na River Road, ingawa hariri imeipisha poliesta na gundi imeipisha dawa inayogandishwa na mwanga.

Jicho nalo lilifundishwa kabla ya mkono, na hapa naona ndipo ukubwa wa chuo kile ulipokuwa. Wanafunzi walikata tundu la mstatili katikati ya kadi, wakatoka barabarani kutazama kupitia tundu hilo, kipande kimoja kimoja: tairi, bango, herufi ya tangazo. Mwaka 1962 msanii Andy Warhol alionyesha picha zake za makopo ya supu mjini Los Angeles. Mwaka huohuo Corita alichapa "wonderbread", miduara ya rangi iliyotoka kwenye karatasi ya mkate wa dukani, nayo ikawa ishara ya hostia ya Misa. Baadaye alichukua kurasa za matangazo, akazikunja na kuzifinyanga, akazipiga picha, kisha akafuata kwa kisu kila herufi iliyopinda ili kupata kiolezo. Herufi inayoonekana kurushwa na upepo ilikatwa taratibu, milimita kwa milimita.

Si wote waliopendezwa. Mwaka 1964 aliigeuza sherehe ya Siku ya Maria chuoni kuwa maandamano ya mabango na maua, na Kardinali James Francis McIntyre wa Los Angeles hakuyapenda mabadiliko ya masista hawa, katika sanaa wala katika maisha yao ya utawa. Corita aliacha utawa mwaka 1968. Mwaka 1970 masista zaidi ya 300, wakiongozwa na Anita Caspary, walitoka katika nadhiri zao na kuunda jumuiya ya walei. Chuo kilifungwa miaka kumi baadaye, na majengo yake yakawa ya Taasisi ya Filamu ya Marekani. Nasikitika kila ninapoyasoma hayo, kwa sababu karakana kama ile haijengwi kwa fedha. Hujengwa na watu waliokubali kukaa pamoja miaka mingi wakirudia jambo moja.

Jengo dogo la barabara ya Franklin alimochapia Corita lilikuwa hatarini kubomolewa. Mwaka 2021 jiji la Los Angeles lililiweka katika orodha ya majengo yake ya kihistoria. Picha zake zimo katika makumbusho makubwa, nyingine zimo majumbani mwa watu wa kawaida, kwa kuwa alizichapa nyingi kwa makusudi na kuziuza kwa bei nafuu. Ukipata kuiona moja, usianze na maneno yake. Sogea karibu, utafute mahali rangi mbili zinapokutana, uone jinsi mkono ule ulivyokuwa hodari.