Lafudhi na Kicheko katika Vichekesho vya Eve D'Souza: Mtazamo kutoka Bangwe

Vichekesho vya televisheni nchini Kenya vimeegemea lafudhi kwa muda mrefu. Katika Vitimbi, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alimwigiza Mzee Ojwang kwa lafudhi ya Kijaluo ilhali yeye mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Hapo lafudhi ni barakoa: mwigizaji huivaa, hadhira huitambua, na kicheko huanza kabla tukio halijasimuliwa. Huo ndio urithi aliopokea Eve D'Souza, mtangazaji wa Capital FM aliyegeukia utayarishaji, kampuni ya Moonbeam ilipoileta Auntie Boss! katika NTV. Swali ni iwapo aliutumia tu au aliugeuza.

Swali hilo hujibika vizuri zaidi kazi hizo zinapotazamwa kutoka mahali ambapo barakoa haitambuliki kwa urahisi. Huko Bangwe, kusini mwa bandari ya Kigoma, Kiswahili huishi pamoja na Kiha na hukutana na Kiswahili cha Kongo kinachovuka ziwa. Mtazamaji wa huko ana sikio kali la lafudhi. Hata hivyo, si lazima ajue kwamba matamshi ya Shiru (Nyce Wanjeri) ni ya Kikikuyu na ya Silprosa (Sandra Dacha) ni ya Kijaluo, sembuse dhana ambazo Mkenya huzifungamanisha na matamshi hayo. Mzaha huo ukimponyoka, anabakiwa na nini?

Anabakiwa na mengi, kuanzia jina lenyewe la kipindi. Katika nyumba nyingi za Kenya mfanyakazi wa ndani huitwa "auntie", neno la udugu linalofunika uhusiano wa ujira. Kuliongezea "boss" ni kuufunua uhusiano huo na kuupindua papo hapo. Wafanyakazi wa mtaa wa matajiri wanazijua siri za waajiri wao. Waajiri hawajishughulishi kuzijua za wafanyakazi. Kinaya hiki hakihitaji lafudhi yoyote. Muha ambaye wazee wake walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge haitaji mkalimani ili aelewe maana ya kuishi kwa ujanja chini ya paa la mwingine. Wanjeri alipotuzwa mwaka 2018 katika tuzo za AMVCA huko Lagos kama mwigizaji bora wa kike wa vichekesho, ni vigumu kudai kwamba alituzwa kwa namna anavyozitamka "r" na "l". Shiru anachekesha kwa sababu anapanga mambo, anakosea hesabu, kisha anapanga tena. Lafudhi ni nguo yake tu.

Kwa Varshita, mhusika anayeigizwa na D'Souza mwenyewe na ambaye baadaye alipewa kipindi chake katika Maisha Magic East, hali ni tofauti. Mhindi mwenye Kiswahili cha kuvunjikavunjika ni mhusika bapa mkongwe wa mizaha ya Afrika Mashariki, na kwa kawaida waliomchora hawakuwa Wahindi. Safari hii barakoa iko mikononi mwa Mkenya mwenye asili ya Kihindi ambaye pia ndiye mtayarishaji. Hatua hiyo si ndogo. Aidha, ndoa ya Varshita na Donovan (Maqbul Mohammed) inaleta sebuleni mpaka wa rangi ambao jamii hupenda kuuzungumzia kwa minong'ono.

Lakini umiliki wa mzaha haubadilishi njia unavyosikika. Pale ndoa inapobeba tukio, Varshita ni mke anayebishania nafasi yake nyumbani. Pale matamshi yanapobeba tukio, anarudi kuwa yule yule wa dukani. Na hapa mtazamaji wa Bangwe hana tena kinga ya ugeni. Lafudhi ya Shiru ilimpita; hii ya Varshita anaifahamu, kwani mzaha wa Mhindi wa duka ulivuka mipaka zamani kabla ya televisheni. Atacheka mapema, kabla Varshita hajamaliza sentensi, na huenda asisikie alichokuwa anakidai.