Filamu Nne za Kiswahili Jijini Kampala: Zisikilizwe au Zisomwe?

Ratiba ya muhula ujao ya klabu ya filamu ya hapa jijini imetufikia idarani, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuwapeleka wanafunzi wetu huko, filamu nne kati ya zitakazoonyeshwa zina Kiswahili ndani yake. Nazo ni Maangamizi, Nairobi Half Life, Supa Modo na Vuta N'Kuvute. Baada ya hizo kutakuwa na jioni moja ya vijei, yaani wale wafasiri wa filamu ambao kila mkazi wa Kampala amewahi kusikia sauti zao zikitoka katika kibanda cha video. Maonyesho ni Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu jioni, na mwenye kitambulisho cha chuo hulipa nusu ya kiingilio.

Tumefurahi, na tunawapongeza waandaaji. Hata hivyo, chini ya jina la kila filamu ratiba inarudia maneno yaleyale: itaonyeshwa pamoja na maandishi ya Kiingereza. Kwa mtazamaji wa kawaida hili si jambo. Kwa mwalimu wa lugha ni jambo kubwa, na ndilo tunalotaka kulizungumzia hapa kabla msimu haujaanza.

Muhula uliopita tuliwaonyesha wanafunzi wa mwaka wa pili Nairobi Half Life darasani, kwa kompyuta ya idara. Filamu hiyo ya mwaka 2012, iliyoongozwa na Tosh Gitonga, inamhusu Mwas, kijana wa kijijini anayeuza filamu za kunakiliwa na kuigiza vipande vyake ili kuvutia wateja, kisha anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji na kuangukia kwenye genge la wezi. Ilipokwisha tuliwauliza wanafunzi maswali machache kuhusu mazungumzo ya mwanzo. Walijibu vizuri sana, na walijibu kwa Kiingereza. Maneno waliyoyakumbuka ni yale yaliyoandikwa chini ya picha. Filamu nzima ilikuwa imepita masikioni mwao kama mvua juu ya bati.

Basi tukabandika kipande cha manila kwenye sehemu ya chini ya kiwambo, tukarudisha nyuma dakika kumi. Kwanza walinung'unika. Halafu mmoja akauliza, "Kwani hapo anaongea lugha gani?" Ndilo swali la kwanza la maana lililoulizwa siku ile. Mwas alikuwa ametoka kwenye Kikuyu cha nyumbani na kuingia katika Sheng ya mjini, na baadaye, anapoukaribia ulimwengu wa jukwaa la tamthilia, Kiingereza nacho kinaingia. Kila anapovuka mpaka wa lugha anavuka pia mpaka wa maisha yake: mtoto wa mama, mwizi, msanii. Maandishi ya chini yameziweka lugha zote hizo katika Kiingereza kimoja kilichonyooka, hivyo asomaye hajui kwamba kuna mpaka uliovukwa. Kwa maoni yetu, aliyeisoma tu filamu hiyo ameona nusu yake, na nusu aliyoikosa ndiyo iliyo bora zaidi.

Wako wenzetu wanaouliza kama ni busara kuwapeleka wanafunzi wa Kiswahili sanifu kusikiliza Sheng. Jibu letu ni ndiyo, waende. Mwanafunzi ambaye hajui kwamba neno fulani si sanifu hatalijua kwa kufichwa, na atakaposhuka basi Nairobi hakuna atakayemsemesha kwa lugha ya kitabu cha sarufi.

Tulipokuwa tukitafakari ratiba hii tuligundua jambo ambalo pengine hata waandaaji hawakulikusudia. Filamu zote nne ziliwahi kupelekwa na nchi zao kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni: Maangamizi na Tanzania mwaka 2001, Nairobi Half Life na Kenya mwaka 2012, Supa Modo na Kenya mwaka 2018, na Vuta N'Kuvute na Tanzania mwaka 2022. Filamu isiyo ya Kiingereza haiwezi kuingia katika mashindano hayo bila maandishi ya Kiingereza. Maana yake ni kwamba maneno tutakayoyasoma kwenye kiwambo cha Kampala yalikusudiwa watu wa Los Angeles, Berlin na Toronto ambao hawakutarajiwa kujua hata neno moja la Kiswahili. Hakuna aliyemfikiria mwanafunzi kutoka Mbarara au Gulu ambaye anajua maneno elfu mbili na anahitaji kuyasikia yakitumika. Hatuwalaumu waliotengeneza filamu, kwani bila maandishi hayo zisingefika mbali. Tunachosema ni kwamba nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine tusiivae bila kuitazama.

Jambo hili lina uzito wa pekee hapa Uganda. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Karatasi zipo. Lakini masikioni mwa wazee wetu wengi, hasa hapa Kampala na Buganda, Kiswahili bado ni lugha ya mwanajeshi kwenye kizuizi cha barabarani: simama, shuka, lete, lala chini. Wanafunzi wetu hawakuiona miaka hiyo, ila wamerithi sikio la wazazi wao. Wanaijua Kiswahili ya amri (ndivyo wanavyosema wenyewe, nasi tunasahihisha kila wiki), wala hawajawahi kumsikia mtu akibembeleza, akitania au akiomboleza kwa lugha hiyo. Kitabu cha sarufi hakiwezi kuwapa hayo. Filamu inaweza.

Ndiyo maana tunawahimiza msiikose Supa Modo ya Likarion Wainaina. Ni hadithi ya Jo, mtoto wa kike wa miaka tisa ambaye ugonjwa wake hauna tiba, na ambaye ndoto yake ni kuwa shujaa mwenye nguvu zisizo za kawaida. Dada yake Mwix anaanza kumwaminisha kwamba nguvu hizo anazo kweli, na kidogo kidogo kijiji kizima kinaingia katika udanganyifu huo wa upendo, mpaka wanaamua kutengeneza filamu pamoja naye. Filamu hii inalegea katikati, na baadhi ya wanakijiji ni vichekesho tu wasio na uhai wa kutosha. Lakini sikilizeni jinsi ndugu wawili wanavyosemezana kitandani, na jinsi mama anavyoificha hofu yake katika maneno ya kawaida ya nyumbani. Hicho ndicho Kiswahili ambacho wanafunzi wetu wengi hawajakutana nacho: cha sauti ya chini.

Maangamizi, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ni ngumu zaidi, na tunakiri kwamba si kila mtu ataipenda. Inakwenda polepole, inachanganya ndoto na mambo ya kweli, na sehemu kubwa ya mazungumzo yake ni ya Kiingereza. Mgonjwa katika hospitali ya akili, anayeigizwa na Amandina Lihamba, hasemi. Jina lake ni Samehe. Anayemtokea ni bibi wa kale aitwaye Maangamizi. Daktari aliyetoka Marekani anajaribu kumtibu bila kujua kwamba majina hayo mawili tayari yamekwisha kusema habari yote: upande mmoja uharibifu, upande mwingine kitenzi kinachomwomba mtu atoe msamaha, na kitenzi hicho kimewekwa kwa mwanamke asiyefungua kinywa. Maandishi ya chini hayatafsiri majina ya watu. Hapa, kwa mara moja, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atakuwa mbele ya mgeni asiyejua Kiswahili, na atatoka ukumbini akijua kwa nini alijifunza lugha.

Sasa tufike kwenye Vuta N'Kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021, ambayo ndiyo inayosubiriwa kwa hamu zaidi. Inatokana na riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999, nasi tunaanza na jina. Kwa Kiingereza filamu imeitwa Tug of War, yaani mchezo wa kuvuta kamba. Si kosa, ila tazameni kilichopotea. "Vuta" ni amri kwa mtu mmoja. "N'kuvute" ni "nikuvute" iliyomezwa irabu: mtenda ni mimi, mtendwa ni wewe, na -e ya mwisho ni dhamira tegemezi. Kwa hiyo jina lenyewe ni watu wawili wanaosemezana uso kwa uso: wewe nivute, nami nikuvute. Katika Kiingereza kamba imebaki lakini wavutaji wameondoka. Nao wavutaji ndio kiini cha kisa: Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee Raza bila kupenda, na Denge, kijana anayepambana na serikali ya kikoloni katika Unguja ya miaka ya 1950. Kila mmoja anamvuta mwenziwe atoke alipo. Swali hili la sarufi tunawaachia walimu wa mwaka wa kwanza, ni zuri kuliko mengi yaliyomo katika mitihani yetu.

Je, filamu yenyewe? Inapendeza mno kwa macho. Vichochoro vya Mji Mkongwe, mwanga wa kandili, nguo, bahari ya usiku, vyote vimepigwa na mtu anayeupenda mji ule. Siti Amina, mwimbaji wa taarabu, anamwigiza Mwajuma, na kila anapotokea filamu inachangamka. Lakini sisi tulioisoma riwaya tunatoka na kiu. Adam Shafi ni mwandishi wa mazungumzo. Watu wake hutaniana, husutana, huapizana, na mapenzi ya Yasmin na Denge hukua ndani ya maneno. Shivji ameamini picha kuliko ulimi. Wapenzi wake hutazamana kwa muda mrefu, na pale ambapo riwaya ingetupa ukurasa wa maneno matamu, filamu inatupa kimya kizuri. Riwaya inampeleka Yasmin hadi Mombasa, filamu imebanwa Unguja. Kupunguza ni haki ya mwongozaji, na filamu ya saa moja na nusu haiwezi kubeba kurasa zote. Malalamiko yetu ni kwamba alichokipunguza zaidi ni utani, na bila utani Ng'ambo ya Adam Shafi inakuwa na huzuni kuliko ilivyokuwa.

Hata hivyo, maneno yaliyobaki ni dhahabu kwa masikio yetu. Lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na wengi wa wanafunzi wetu hawajawahi kuisikia ikisemwa na watu wanaoishi nayo. Wamefundishwa nasi, na sisi tuna lafudhi zetu. Wakisikia jinsi Mwajuma anavyovuta silabi, wataelewa kwamba kile tunachokiita sanifu kilikuwa kwanza lugha ya watu wenye mitaa, majirani na nyimbo.

Jioni ya vijei imewekwa mwishoni mwa ratiba, kama kitu cha kuchekesha baada ya kazi nzito. Hapo tunatofautiana kabisa na waandaaji. Kampala iliwahi kulijibu swali la tafsiri kwa namna yake: badala ya maandishi, sauti. VJ Jingo na wenzake hawatafsiri neno kwa neno. Hueleza, hukejeli, humpa mwigizaji wa Marekani jina la Kiganda na kumhamishia Katwe. Kenya DJ Afro hufanya vivyo hivyo kwa Kiswahili cha mitaani, na Tanzania kulikuwa na Lufufu, ambaye kanda zake ziliwafundisha vijana wengi kwamba sinema ya kigeni inaweza kusimuliwa kama hadithi ya nyumbani. Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa Wakaliga mwaka 2010, hadi leo haitenganishwi na sauti ya VJ Emmie juu yake. Laiti jioni hiyo ingekuwa ya kwanza, watazamaji wangezijia filamu nne wakiwa wamekwisha kujiuliza tafsiri ni nini na inafanywa kwa ajili ya nani.

Tulimwandikia mratibu wa klabu tukaomba mambo mawili. La kwanza, wanafunzi wetu wawili wapewe dakika ishirini katika jioni ya vijei wasimulie kipande cha filamu kwa Kiswahili. Hilo limekubaliwa. La pili, Vuta N'Kuvute ionyeshwe mara ya pili bila maandishi. Alijibu kwa upole kwamba maandishi yamo ndani ya nakala yenyewe na hayaondoki, na kwamba watazamaji wake wengi hawajui Kiswahili, nao wamelipa. Yote mawili ni kweli. Tumemjibu kwamba tutakuja na khanga mbili ndefu za kufunika sehemu ya chini ya kiwambo, Jumamosi saa nne asubuhi wakati ukumbi hauna watu, na kiingilio tutalipa.

Amesema atakubali tukifika watu thelathini. Karatasi ya majina imebandikwa mlangoni mwa ofisi ya idara. Hadi tunakwenda mitamboni ina majina kumi na tisa, manne kati yake ya walimu.