Batumi: Hatua ya 14, Hatua ya 40, Hatua ya 75

Fainali ya Kombe la Dunia la Wanawake la sataranji ya mwaka 2025 haikuamuliwa na hatua moja ya ajabu. Iliamuliwa na nafasi zilizopotea, na pia na yule aliyepoteza nafasi yake mapema, wakati bado kulikuwa na muda wa kupata nyingine. Ndiyo maana nimeichagua kwa wachezaji wetu wa Malindi na Kilifi, hasa mabinti, kuliko mechi nyingine safi zaidi ambazo vitabu hupenda kuzionyesha.

Waliokutana Batumi, mji wa Georgia ulio kando ya Bahari Nyeusi, walikuwa Wahindi wawili. Koneru Humpy, miaka 38, alipata cheo cha grandimasta mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 15, na alikuwa ameshatwaa ubingwa wa dunia wa mchezo wa haraka mara mbili, 2019 na 2024. Divya Deshmukh wa Nagpur, miaka 19, alizaliwa mwaka 2005, Humpy akiwa tayari grandimasta. Divya aliingia mashindanoni akiwa nafasi ya 15 kwenye orodha ya nguvu, bila hata alama moja rasmi ya kumpeleka kwenye cheo hicho. Nusu fainali ilikuwa na Wahindi hao wawili na Wachina wawili, Lei Tingjie na Tan Zhongyi. Msomaji wa Malindi hatashangaa kuyakuta mataifa hayo mawili pamoja: mji wake ulimpelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415, na kabla ya karne hiyo kwisha mabaharia wa India walikuwa bandarini mwake. Sataranji yenyewe ilizaliwa India, ikapita Uajemi na Uarabuni kabla ya kuenea duniani.

Tuanze na saa, kwa sababu bila saa mechi hii haieleweki. Kwenye mtoano huu kila raundi ina michezo miwili mirefu: dakika 90 kwa hatua 40 za kwanza, kisha dakika 30 nyingine, na sekunde 30 za nyongeza kwa kila hatua. Wakitoka sare, siku ya tatu huja michezo ya haraka: miwili ya dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10, halafu miwili ya dakika 10 na nyongeza ya sekunde 10, halafu miwili ya dakika 5 na sekunde 3. Piga hesabu. Katika mchezo mrefu mchezaji ana wastani wa karibu dakika mbili na robo tatu kwa kila hatua hadi hatua ya 40. Katika mchezo wa dakika 15, ukifika hatua ya 75 umepewa jumla ya dakika 27 na nusu, yaani sekunde 22 kwa hatua. Na hakuna anayezigawa sawasawa. Nyingi huliwa na hatua 30 za kwanza, halafu mtu anabaki anaishi kwa zile sekunde 10 tu.

Mchezo wa kwanza, tarehe 26 Julai, Divya alikuwa na kete nyeupe. Humpy alijibu kwa Gambiti ya Malkia Iliyokubaliwa, yaani alikichukua kitunda kilichotolewa upande wa malkia na kumwachia mpinzani nafasi ya katikati. Divya alishambulia bila kusita, na kufikia hatua ya 14 kompyuta zilikuwa zinasema ana ubora mkubwa, wa kushinda. Hakuupata ushindi huo. Humpy alijipanga upya, shinikizo likalegea, na mchezo ukaishia sare kwenye hatua ya 41.

Hapa watazamaji wengi hukosea. Wanaona namba ya kompyuta, kisha wanasema amechezea bahati. Ubora wa hatua ya 14 ni wa aina ngumu kuliko zote. Kete nyingi bado ziko ubaoni, mfalme wa mpinzani hana utulivu lakini hajaanguka, na ushindi umejificha kwenye mfululizo wa hatua tano au sita ambazo lazima zifuatane kwa mpangilio mmoja tu. Ukikosea mpangilio, hujapoteza mchezo, umepoteza ubora tu, na mara nyingi hutagundua mpaka uonyeshwe baadaye. Dalili ambayo mwanadamu anaweza kuiona ubaoni bila kompyuta ni hii: ukiona mpinzani mwenye uzoefu anachukua muda mrefu mapema hivyo, naye ndiye aliyeuchagua ufunguzi, basi kuna kitu kimeharibika upande wake. Hapo ndipo pa kutumia dakika 20 zako, si kwenye hatua ya 30. Dakika zinazobaki kwenye saa baada ya mchezo kwisha hazirudishwi.

Mchezo wa pili ulikuwa mfupi wa maelezo. Humpy alianza taratibu kwa farasi, akaachia kitunda ili abaki na maaskofu wawili, Divya akazuia, na hatua 34 zikatosha kwa sare. Alama zikawa moja kwa moja.

Kabla ya kwenda siku ya tatu, turudi nyuma kidogo hadi nusu fainali, kwa sababu miguu ya wachezaji hawa ilichoka huko. Humpy na Lei Tingjie walitoka sare michezo miwili mirefu, wakatoka sare tena miwili ya dakika 15. Lei akashinda wa kwanza wa dakika 10. Sasa Humpy alilazimika kushinda wa pili au kufunga mizigo, na alishinda. Kisha akashinda yote miwili ya dakika 5, jumla 5 kwa 3. Ju Wenjun wa China alipita njia inayofanana Khanty-Mansiysk mwaka 2018, kwenye fainali ya ubingwa wa dunia: Kateryna Lagno alimtangulia mchezo wa pili, Ju akasawazisha mchezo wa nne uliokuwa wa mwisho kabla ya michezo ya haraka, na mwishowe akashinda kwa 5 kwa 3 hizo hizo. Anayelazimika kushinda hapaswi kushambulia kwa pupa. Anapaswa kubakiza kete ubaoni, kukataa mabadilishano yasiyo na faida, na kumfanya mwenzake afanye maamuzi mengi. Anayehitaji sare tu huvutwa na woga wake mwenyewe: huanza kucheza hatua za kusubiri, na hatua za kusubiri zikirundikana huwa hatua mbaya.

Divya naye alimtoa Tan Zhongyi, bingwa wa dunia wa mwaka 2017, kwa mchezo mmoja wa hatua 101. Aliupoteza ubora, akaurudisha, akakaribia kuuachia tena, lakini alibaki kitini. Kwangu mimi huo ndio mchezo uliomwandaa kwa fainali kuliko matayarisho yoyote ya ufunguzi. Alitoka pale akijua kwamba nafasi ikiponyoka, mchezo hauondoki nayo.

Tarehe 28 Julai ilifika. Mchezo wa kwanza wa haraka Divya alikuwa na nyeupe, Humpy akajikinga kwa ulinzi wa Petrov, ambao ni mgumu kuvunja, na ukawa sare. Mchezo wa pili Humpy alikuwa na nyeupe na akafungua kwa njia ya Katalani. Mtu yeyote angempa yeye nafasi kubwa zaidi: kete nyeupe, mchezo wa haraka, na yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia wa mchezo wa haraka wakati huo. Lakini muda wake ulikuwa umeshaanza kumkimbia. Kwenye hatua ya 40 alisukuma kitunda na kukitoa sadaka ambayo hali ya ubao haikuidai.

Hatua hiyo ndiyo ningependa kila kocha aisimamishe na kuijadili. Kwa nini mchezaji mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 20 atoe kitunda asichodaiwa? Mwenye muda mdogo huchoka kulinda. Kulinda kunataka ukague kila hatua ya mpinzani, tena na tena, na kwa sekunde 10 kazi hiyo inaumiza. Sadaka humpa mtu hisia kwamba sasa yeye ndiye anayeuliza maswali. Nafuu hiyo ni ya kichwani mwake tu. Ubaoni Divya alikuwa amepewa kitunda na mpango.

Hata hivyo hakumaliza kwa usafi. Alikosea baada ya kupata ubora, na kwa muda mchezo ulirudi kwenye sare. Humpy, akiwa na sekunde tu, alikosea tena, na safari hii hakukuwa na pa kurudi. Alisalimu amri hatua ya 75. Divya akawa bingwa kwa alama 2.5 dhidi ya 1.5, na kwa kanuni za mashindano akapewa moja kwa moja cheo cha grandimasta, wa 88 wa India na mwanamke wa nne wa nchi hiyo kukipata. Baada ya mchezo alikiri mbele ya waandishi kwamba lazima akajifunze namna ya kumalizia michezo, maana ule ulipaswa kuwa ushindi rahisi.

Bingwa wa Kombe la Dunia anasema hivyo kuhusu kumalizia. Sisi je? Vijana wengi wa pwani hujifunzia kwenye simu, michezo ya dakika tatu, na wanachokijua sana ni hatua kumi za mwanzo. Wazee wanaocheza bao la kete kwenye baraza za Malindi wangewaonya: mtu hodari wa kunamua anaweza kuliwa vibaya kete zikishakwisha mkononi na mchezo ukaingia mtaji, kwa sababu huko ndiko kunakohesabiwa kwa umbali. Kwenye sataranji pia, ubao ukipungua kete hesabu inakuwa ndefu, haiwi fupi.

Basi tupange ubao. Nyeupe: mfalme d8, kitunda d7, ngome f1. Nyeusi: mfalme g7, ngome c2. Zamu ya nyeupe. Kitunda kimebakiza nyumba moja kugeuka malkia, lakini mfalme wake mwenyewe amekaa kwenye nyumba hiyo. Asiyejua atamtoa mfalme mara moja kwenda e7, na ngome nyeusi itamtisha kutoka nyuma bila kikomo: e2, d2, e2, d2. Anayejua huipeleka ngome yake kwanza f4. Nyeusi ikisubiri kwa ngome c1, mfalme hutoka e7. Akitishwa kutoka e1 huenda d6. Akitishwa kutoka d1 huenda e6. Akitishwa tena kutoka e1 hushuka d5. Na akitishwa kutoka d1 ngome nyeupe huingia d4 na kuziba. Vitisho vimekwisha, kitunda kinageuka malkia. Hatua ya kwenda f4 inaonekana haina maana inapochezwa, na maana yake huonekana hatua tano baadaye.

Sasa upande wa anayelinda. Nyeupe: mfalme d5, kitunda e5, ngome h7. Nyeusi: mfalme e8, ngome a6. Nyeusi iko nyuma kwa kitunda na haipotezi, mradi ngome yake isiondoke kwenye mstari wa sita, ikimzuia mfalme mweupe asipite. Kitunda kikisukumwa hadi e6, ngome nyeusi hushuka papo hapo mpaka a1 na kuanza kumtisha mfalme kutoka nyuma, kwa sababu kitunda kilichosonga mbele hakimkingi tena. Wanaoshindwa hapa huondoa ngome hatua moja mapema, kwa woga. Philidor, Mfaransa wa karne ya 18, ndiye aliyeuachia ulimwengu ulinzi huu, na bado vijana wenye simu nzuri wanapoteza michezo kwa kutoujua.

Mambo haya mawili hujifunzwa kwa alasiri moja na hayahitaji intaneti. Phiona Mutesi alitoka Katwe, Kampala, akafika Olimpiadi ya sataranji ya Istanbul mwaka 2012 na kurudi na cheo cha kimataifa. Njia ya kufika kwenye mtoano kama wa Batumi iko wazi kwa mwanamke wa Kenya pia, kwa kuwa mashindano ya wanawake ya Afrika hutoa nafasi ya kwenda huko.

Ombi langu ni kwa walimu na waandaaji wa Kaunti ya Kilifi, kuanzia Mtwapa hadi Malindi. Panapopatikana saa za kidijitali, ziwekeni na nyongeza ya sekunde, hata tano, ili binti mwenye ubora hatua ya 60 ashinde kwa akili yake badala ya kuanguka kwa saa. Msiwaruhusu wachezaji kukubaliana sare mezani kabla ubao haujaisha kusema. Na likizo ijayo, kabla ya kufundisha ufunguzi mpya, kila mmoja acheze ngome ile ya f4 na ngome ile ya a6 dhidi ya mwenzake, pande zote mbili, mpaka aweze kufanya hivyo kwa sekunde 10 kila hatua.