Orodha Haina Moto

Maagizo ya kupika nyumbani mchuzi ulioonjwa mgahawani ni utanzu wa maandishi wenye kanuni zake, na unastahili kusomwa kwa makini. Huanzia mwishoni. Ladha imeshapatikana, mlaji anaikumbuka, na maandishi yanalazimika kurudi nyuma kutoka sahanini hadi sokoni. Mapishi mengine huahidi utamu tu. Haya huahidi kufanana, na msomaji anayeyahukumu alishakula.

Mfano wake safi ulitokea mwaka 2012, pale Dan Coudreaut, mpishi mkuu wa McDonald's, alipoonyesha katika video ya kampuni hiyo nchini Canada jinsi ya kutengeneza nyumbani mchuzi wa Big Mac. Mayonezi, achari tamu ya matango, haradali ya njano, siki ya divai nyeupe, unga wa kitunguu saumu, unga wa kitunguu maji, paprika. Vitu saba, na kazi yenyewe ni moja: kuchanganya. Moto haupo kabisa katika mchuzi huu, kwa sababu karibu kila kitu kimetoka kwenye chupa au pakiti kikiwa kimeshatayarishwa na mtu mwingine. Kwa hiyo orodha inatosha. Umbo na kitu chenyewe vimelingana, na huo ni uzuri wa kweli.

Sasa tulichukue umbo hilo hadi Rumonge, nchini Burundi, kwenye barabara inayofuata Ziwa Tanganyika kusini mwa Bujumbura kuelekea Nyanza-Lac. Hapa mlo ambao mtu hutamani kuurudia nyumbani ni mukeke, samaki ambaye watu wa Kigoma humwita mgebuka, aliyechomwa juu ya makaa na kuletwa na mchuzi wa vitunguu, nyanya, pilipili na mawese ya michikichi ya hapo hapo. Ukiuandika kwa orodha hutasema uongo wowote: vitunguu viwili, nyanya nne, mawese vijiko vitatu, chumvi. Lakini mchuzi wa ufukweni hautatoka humo.

Msikilize mpishi anapoueleza kwa mdomo. Husema hivi, au karibu na hivi: tia mawese, yakitulia weka vitunguu, vikilegea leta nyanya, zikishakatika ziache mpaka mafuta yapande juu. Dakika hazitajwi. Kila tendo linangoja badiliko lililotangulia, na vinavyobadilika ni mawese, vitunguu na nyanya. Mpishi anaamriwa, lakini vyakula ndivyo vinavyotoa ruhusa. Katika maagizo ya kuandikwa mambo ni kinyume: kata, weka, koroga, geuza. Mtu anatenda tangu mwanzo hadi mwisho, na chungu hakina usemi.

Kile kifungu cha mwisho, mafuta kupanda juu, kimebeba elimu nyingi kuliko orodha nzima. Nyanya ni maji kwa sehemu kubwa, na maji yakiwamo mchuzi hauwezi kupita sana nyuzi 100. Yakipungua, mafuta hujitenga, na hapo nyanya huacha kuchemka zikaanza kukaangika. Utamu mzito ambao mlaji aliukumbuka umezaliwa katika hatua hiyo. Hata neno la kwanza, yakitulia, lina uzito wake. Wekundu wa mawese unatokana na karotini, nayo huharibika kwa moto mkali. Yakiachwa mpaka yafuke moshi hupauka na harufu yake hubadilika, ukapata mchuzi mwingine kabisa. Vijiko ni vile vile vitatu.

Mayonezi inayoliwa na viazi vya kukaanga, desturi iliyokuja na Wabelgiji waliotawala Burundi hadi 1962, inathibitisha jambo hili pasipo moto. Kiini cha yai, mafuta, haradali, ndimu: orodha ni sahihi, lakini ukimwaga mafuta yote kwa mkupuo yatakataa kushikana. Lazima yaingie tone kwa tone mwanzoni. Na mawese hayafai hapa, kwani huanza kuganda hata kwenye joto la kawaida la chumbani.

Umbo la mdomo nalo lina upungufu. Linadhani msikilizaji amewahi kusimama kando ya chungu. Kijana aliyezaliwa Brussels kwa wazazi wa Rumonge hajui vitunguu vilivyolegea vina sura gani, naye orodha ndiyo inayomfikia kwa urahisi. Anayemwandikia asiitupe. Atangulize vitu na vipimo vyake, kisha hatua zote aziandike kwa dalili, na kila dalili aipe rangi, harufu au sauti yake: vitunguu vikiwa laini na vikaanza kung'aa, nyanya zisipoonekana tena vipande, mlio wa maji ukipungua na mafuta mekundu yakizunguka ukingoni mwa sufuria. Maagizo yatakuwa marefu mara mbili, na urefu huo ni wa lazima.